Dagaa, omena, mukene: Jinsi ya kupanga bidhaa ili mteja wa ng'ambo ya mpaka aione

MFANYABIASHARA wa Mwanza anayeandika "dagaa wakavu, bei ya jumla" kwenye tovuti ya duka lake ameeleweka vizuri kwa mteja wa Shinyanga au Dodoma. Mteja wa Kisumu anayetafuta omena hatamwona. Wa Kampala anayetafuta mukene naye atapita bila kusimama.

Samaki ni yule yule mdogo wa Ziwa Viktoria, ambaye wanasayansi humwita Rastrineobola argentea, anayevuliwa usiku kwa taa katika nchi zote tatu zinazopakana na ziwa hilo. Kinachobadilika ni jina tu. Lakini sanduku la kutafutia bidhaa katika tovuti ya duka halijui kwamba majina hayo matatu ni ya samaki mmoja. Linalinganisha herufi. Neno lisipokuwepo, jibu ni kwamba bidhaa haipo, hata kama ghala limejaa magunia.

Mambo ya namna hii yanazidi kuwa na uzito kadiri biashara ndogo za ukanda huu zinavyohamia kwenye intaneti. Duka linaanza na picha tano na namba ya simu. Baada ya mwaka kuna orodha za bei, maelezo ya bidhaa, maelekezo ya kuhifadhi, taarifa za usafirishaji, majibu ya maswali ya wateja, vyote vimerundikwa kwa tarehe tu, la jana juu na la zamani chini. Mwenye duka mwenyewe hawezi tena kupata alichoandika Machi.

Programu za kutengeneza tovuti humpa mwenye duka vyombo viwili vya kupangia lundo hilo: makundi na lebo. Wengine husema kategoria na tagi. Wengi huviona kama kitu kimoja chenye majina mawili. Hujaza vyote kwa haraka ili waendelee na kazi, au huviacha vitupu, na bidhaa zote zikaishia kwenye lile kundi ambalo programu huliweka yenyewe kwa ajili ya vitu visivyo na kundi. Kosa hilo lina gharama, na katika biashara ya dagaa gharama yenyewe inaweza kumfikia mtoto mezani.

Rafu na karatasi ya kubandika

Kundi ni rafu. Mfuko wa unga dukani hukaa rafu moja; hauwezi kuwa rafu ya juu na ya chini kwa wakati mmoja. Lebo ni kipande cha karatasi kinachobandikwa juu ya mfuko. Mfuko mmoja unaweza kubandikwa karatasi kumi, na kila karatasi ikamwita mteja tofauti.

Fikra ya rafu ni ya zamani. Mwaka 1876, Mmarekani Melvil Dewey alichapisha mpango wa kugawa vitabu vya maktaba katika makundi makuu kumi yenye namba, na mpaka leo maktaba nyingi duniani, zikiwemo za Afrika Mashariki, hutumia mpango huo. Kila kitabu kina namba moja na mahali pamoja. Uzuri wake ni kwamba msomaji akijua namba anakwenda moja kwa moja.

Udhaifu wake ni kwamba rafu hujengwa na mtu, na mtu huona dunia kutoka pale aliposimama. Katika kundi la lugha, ambalo ni 400, Kiingereza kilipewa 420 na Kijerumani 430, zikafuata lugha nyingine za Ulaya mpaka 480. Lugha zote zilizobaki duniani zilisukumwa 490. Kiswahili, chenye wazungumzaji kuanzia pwani ya Bahari ya Hindi mpaka mashariki ya Kongo, kiko 496.392. Anayepanga bidhaa zake leo naye anafanya kazi ile ile ya Dewey, na anaweza kufanya ubaguzi ule ule bila kukusudia: bidhaa za mji wake zikapata makundi manane, na za nchi jirani zikatiwa kwenye "mengineyo".

Lebo zilikuja baadaye, pale intaneti ilipokua kuliko rafu. Mwaka 1994 vijana wawili wa chuo kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza orodha ya tovuti iliyopangwa kwa makundi, na ndiyo iliyozaa Yahoo. Tovuti zilipozidi, kazi ya kuzipanga moja moja kwa mkono ililemea, na orodha hiyo ilifungwa mwaka 2014. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2003, ilianza huduma ya Delicious, iliyowaruhusu watu wa kawaida kubandika maneno yao wenyewe juu ya kurasa walizozihifadhi. Mwaka 2007 alama ya reli ilianza kutumika kubandikia mada kwenye Twitter, na mwaka huo huo WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi ndogo, ikaongeza lebo kando ya makundi iliyokuwa nayo tangu awali.

Nguvu ya lebo ni kwamba hazimuulizi mteja amesoma wapi. Anayesema omena aandikiwe omena, na anayesema mukene aandikiwe mukene. Bidhaa moja, rafu moja, karatasi tatu. Vivyo hivyo kwa sangara, ambaye Wakenya wengi wa kando ya ziwa humwita mbuta na Waganda mputa. Nguo za mitumba huitwa mivumba Uganda na caguwa Rwanda. Viazi mviringo vya Mbeya ni mbatata kwa wengine, ni waru kwa wanunuzi wengi wa Nairobi, na ni ibirayi Kigali.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo huwaponyoka wengi. WordPress, kwa mazoea yake, inapotafuta ndani ya tovuti hupekua kichwa na maelezo ya ukurasa, haigusi lebo. Kwa hiyo mwenye duka aliyebandika "omena" kama lebo na kuishia hapo amefanya nusu ya kazi. Jina hilo linatakiwa liandikwe pia ndani ya maelezo yenyewe, hata mara moja tu: dagaa wa Ziwa Viktoria, ambao Kenya huitwa omena na Uganda mukene. Sentensi hiyo moja humsaidia pia mteja binadamu, ambaye huenda alikuwa na shaka kama ni kitu kile kile.

Jina moja, samaki wengi

Ingekuwa rahisi kama tatizo lingekuwa upande mmoja tu. Lakini kama vile samaki mmoja ana majina matatu, jina "dagaa" lenyewe limebeba samaki zaidi ya mmoja.

Dagaa wa Kigoma si wa Mwanza. Wale wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa samaki wa jamii ya saladini, na ng'ambo ya pili, Bujumbura, wanaitwa ndagala. Mpishi yeyote aliyekula wote wawili anajua tofauti ya ladha, na bei sokoni inaijua zaidi. Mmoja wa samaki hao wa Tanganyika alichukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupandikizwa Ziwa Kivu, ambako sasa ndiye isambaza wa Rwanda na sambaza wa Kongo. Tena kuna dagaa wa baharini. Zanzibar huvuliwa dagaa mchele, wanaochemshwa kwa maji ya chumvi kisha kuanikwa, na sehemu kubwa yao husafirishwa mpaka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Hapa lebo haitoshi, na pengine inadhuru. Mnunuzi wa Lubumbashi akibonyeza lebo "dagaa" akaonyeshwa wa Mwanza, wa Kigoma na wa Zanzibar kwa mchanganyiko, bei zao zimepishana, atadhani muuzaji hana msimamo au anamlangua. Wale wa Zanzibar wamepikwa na wana chumvi. Wa Mwanza kwa kawaida huanikwa wabichi bila chumvi. Ni bidhaa tofauti zinazotumia jina moja. Zinahitaji rafu tofauti: dagaa wa Ziwa Viktoria, dagaa wa Ziwa Tanganyika, dagaa wa bahari. Chini ya kila rafu ndipo lebo za majina ya majirani zifuate.

Lugha yenyewe wakati mwingine imeshafanya kazi hii, na mfanyabiashara hana haja ya kuhangaika. Zao lililoko shambani na kwenye maganda ni mpunga. Likikobolewa ni mchele. Ule uliovunjika ni chenga. Ukipikwa ni wali. Anayepanga duka la nafaka kwa maneno hayo anakuta yanalingana karibu neno kwa neno na mgawanyo wa forodha, ambako mpunga uko 1006.10, mchele 1006.30 na chenga 1006.40. Wataalamu wa Brussels walihitaji namba. Msambaa na Mnyamwezi walikuwa na maneno yao tayari.

Chakula cha watu, chakula cha kuku

Dagaa hawaliwi na watu peke yao. Sehemu kubwa ya wanaovuliwa Ziwa Viktoria huishia kwenye viwanda na mashine za kusaga chakula cha kuku, nguruwe na samaki wa kufugwa. Wanaoanikwa juu ya chanja, mbali na vumbi, ndio hupata bei ya chakula cha watu. Wanaoanikwa chini mchangani huchanganyika na mchanga, na msimu wa mvua wengine huharibika kabla ya kukauka. Hao huuzwa rahisi kwa wasagaji wa chakula cha mifugo, na si jambo baya. Kuku hana ugomvi na mchanga kidogo.

Ubaya unaanza wakisagwa. Dagaa mzima anaonekana: mnunuzi humwangalia, humnusa, humtikisa mkononi aone mchanga. Unga wa dagaa hauonyeshi asili yake kwa urahisi namna hiyo. Na unga huo huo wa dagaa ndio akina mama katika nchi zote za ukanda huchanganya kwenye unga wa lishe, uji wa mtoto aliyeanza kula, kwa sababu ya protini na madini yaliyo katika samaki anayeliwa mzima na mifupa yake.

Sasa tovuti ya msagaji yenye lebo moja, "unga wa dagaa", humletea mama huyo kurasa zote zenye neno hilo. Wa kwanza kwenye orodha unaweza kuwa ule wa bei nafuu, uliosagwa kwa ajili ya kuku, kwa sababu tu ndio uliowekwa jana. Maelezo ya kuutofautisha yamo, pengine, aya ya tatu. Simu ya mkononi huonyesha picha, jina na bei.

Kwa hiyo ipo kanuni moja ambayo msagaji wa dagaa anaihitaji kuliko ushauri wote kuhusu idadi ya makundi na uzuri wa maneno: tofauti inayoweza kumdhuru mnunuzi iwekwe kwenye makundi, isiachiwe lebo. Chakula cha watu na chakula cha mifugo ziwe rafu mbili zenye majina mawili ambazo bidhaa moja haiwezi kuonekana katika zote. Neno la kundi litangulie jina la bidhaa, picha ya gunia ionyeshe maandishi hayo hayo, na lebo ya pamoja "unga wa dagaa" iondolewe kabisa. Badala yake ziwe lebo mbili zisizoweza kuchanganywa, "unga wa dagaa wa lishe" na "unga wa dagaa wa mifugo". Ni maneno marefu na hayapendezi kwenye skrini ndogo. Yavumiliwe.

Forodha imeuchukulia mstari huu kwa uzito kwa muda mrefu. Mfumo wa namba za bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, ambao ulianza kutumika Januari 1, 1988, na ambao ndio msingi wa ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu umoja wa forodha ulipoanza 2005, humweka samaki mkavu katika fungu la 0305. Unga wa samaki usiofaa kuliwa na binadamu uko mbali kabisa, sura ya 23, fungu la 2301, pamoja na mabaki ya viwandani na malisho ya wanyama. Unga unaofaa kuliwa na binadamu ulikuwa ndani ya 0305 mpaka mwisho wa 2021. Toleo la 2022 la mfumo huo liliupa fungu lake lenyewe, 0309.

Mfanyabiashara mdogo anaweza kuona kwamba hayo ni ya mawakala wa forodha. Lakini karatasi yake ya mauzo huandikwa mara nyingi kwa kunakili jina lililo kwenye tovuti yake. Kama tovuti inasema "unga wa dagaa" tu, karatasi itasema hivyo hivyo, na ofisa wa Mutukula au Sirari atalazimika kuuliza: wa nani? Anayevusha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, utaratibu ambao Jumuiya uliuweka kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, anatakiwa aonekane kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa. Jina linaloeleweka huokoa asubuhi nzima ya kusubiri chini ya jua.

Wachache wenye nidhamu

Yaliyobaki ni kazi ya ufagio, na ndiyo inayowashinda wengi kwa sababu haina mwisho.

Makundi yawe machache. Duka la samaki wakavu lenye bidhaa mia moja halihitaji zaidi ya sita au saba, na majina yake yawe yale ambayo mteja angeyatamka akisimama mlangoni. Kundi linaloitwa "huduma zetu" au "suluhisho" halimwambii mtu chochote. Kundi la "mengineyo" likianza kuwa kubwa kuliko mengine, ni dalili kwamba kuna rafu inayokosekana.

Lebo zinaweza kuwa nyingi, ila ziwe na mtu mmoja wa kuziangalia. Bila hivyo, ndani ya miezi sita duka litakuwa na "dagaa", "daga", "dagaa wa mwanza", "dagaa-mwanza" na "mwanza dagaa", kila moja na ukurasa wake wenye bidhaa mbili. Mteja aliyebonyeza moja haoni zilizo kwenye nyingine. Daftari la kawaida linatosha: upande wa kushoto lebo iliyokubaliwa, kulia majina yaliyokataliwa. Mfanyakazi mpya asome daftari kabla ya kuanza kubandika.

Lebo iliyokaa mwaka mzima ikiwa na bidhaa moja iunganishwe na nyingine au ifutwe. Zinapounganishwa, anwani ya zamani ya ukurasa ielekezwe kwenye mpya. Mteja wa Bukavu aliyehifadhi kiungo kwenye WhatsApp tangu mwaka jana hatapiga simu kuuliza kimekwenda wapi, atanunua kwingine.

Majina ya kubandika hayatafutwi kwenye kamusi. Yanapatikana kwenye kaunta na kwenye ujumbe wa simu, katika maneno ambayo mteja mwenyewe ameyatumia kuagiza. Duka linaloandika maneno hayo kila siku, pamoja na mji yalikotoka, baada ya msimu mmoja litajua kama Kigali wanaagiza kwa indagara au kwa isambaza, na kama aliyesema "dagaa" kutoka Uvira alimaanisha wa ziwa au wa bahari. Wakati wa mbalamwezi, uvuvi wa taa unapopungua, mizigo inaadimika na bei zinapanda, kazi ya kulipitia daftari hilo ndiyo hupata nafasi.